Dokta, haya si yale

"Kati ya sifuri na kumi, maumivu yako ni ngapi?" Swali hili siku hizi limefika hadi vituo vya afya vya kata, na anayeuliza huwa na kalamu mkononi, tayari kuandika. Aliyevunjika mkono jana ana jibu. Mimi sina. Nimezaliwa na selimundu, nina miaka 38, na siku ambayo hakuna kiungo changu kinachouma siikumbuki. Nikisema nne, dokta ataandika nne na kuniagizia panadoli. Nikisema tisa, atanitazama: nimekaa nimetulia, simu mkononi, gauni limepigwa pasi, nimemwamkia vizuri. Tisa gani hiyo? Kwa hiyo namba ninayomtajia huwa ni makisio yangu ya kiasi atakachokubali kuniamini siku hiyo, naye anaiandika kwenye faili kana kwamba ameisoma kwenye kipimajoto.

Ningependa swali hilo liwaachie nafasi wanaougua maumivu ya kudumu waulizwe jingine kwanza: kitu gani ulikuwa unakifanya miezi michache iliyopita ambacho sasa hukiwezi? Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza kwa nyonga yangu, kwa kuwa ndiyo ninayoijua.

Kwa asiyeufahamu ugonjwa wenyewe: chembe nyekundu za damu yangu zikipungukiwa oksijeni hukakamaa na kujikunja mfano wa mundu. Za mtu mwingine huishi siku 120 hivi. Zangu huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu hainitoshi na macho yangu yana umanjano. Zikijikunja hukwama kwenye mishipa midogo, na nyama au mfupa uliokuwa ukiingoja damu hiyo unaanza kulia. Hapo ndipo wenyewe tunasema tumepata kraisisi. Baridi inaileta. Kiu inaileta. Malaria, kukosa usingizi, hata ugomvi na mteja aliyekuja kuchukua gauni ambalo halijatiwa vifungo. Inakadiriwa kwamba watoto 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, na katika kila Watanzania 100, wapo 13 hadi 20 wanaobeba kinasaba chake bila kuumwa. Huku Kanda ya Ziwa tuko wengi. Kinasaba hicho kilidumu kwetu kwa sababu anayerithi kimoja tu hupata ahueni dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa kazi aliyoifanya Afrika Mashariki. Wazee wetu wakanusurika na malaria, bili ikaletwa kwetu tuliorithi viwili.

Kraisisi naijua kama jirani mgomvi. Najua anavyoanza, anavyopiga kelele, na anachoka saa ngapi. Nakunywa maji mengi, najifunika, namtumia ujumbe mdogo wangu aje kufunga banda la kushonea, na ikizidi naenda hospitali. Siku kadhaa zikipita, inaondoka.

Maumivu ya nyonga yalikuja na tabia nyingine kabisa. Hapakuwa na homa. Macho hayakuzidi umanjano. Yalikaa kinenani, upande wa kushoto, na mara nyingine yalishuka hadi gotini, nikawa nachua goti lisilo na kosa lolote. Nikikaa hayana neno, nikiinuka yananikamata. Usiku nikigeuka ubavu naamka. Na jambo la kutisha zaidi kwa mtu aliyezoea kraisisi: hayakuondoka. Kila mwezi yaliongeza kidogo, kidogo mno kiasi kwamba ukiniuliza leo kama ni mabaya kuliko jana, kwa haki ningekujibu ni yaleyale.

Ninakaa Bugarika, kule juu ambako bodaboda anakuteremsha chini na mawe unayapanda mwenyewe. Anayeijua Mwanza ananielewa. Zamani nilikuwa sivuti pumzi mpaka nifike kwenye genge la mama anayeuza dagaa. Ikaja wakati nikawa nasimama kwenye bomba la maji, ambalo liko chini ya genge. Halafu nikawa nasimama kwenye jiwe kubwa lililopakwa rangi tangazo la mganga wa kienyeji, na jiwe hilo, kwa asiyefika kwetu, liko karibu na pale pale bodaboda alipokushusha. Mama wa dagaa ndiye aliyelisema kwanza. "Mayu, siku hizi unapita lini? Sikuoni ukipumzika." Nilikuwa napita. Nilikuwa tu nimeshapumzika huko chini, na nikifika kwake ni jioni ameshafunga.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mguu wa kushoto ndio uliokuwa mbele kwenye pedali tangu nianze kujifunza ufundi. Nikaupumzisha, nikaupa kazi wa kulia. Lakini ushahidi uliokuwa wazi kuliko wote ulikuwa kwenye daftari langu la oda. Nalifungua: kabla ya Pasaka kuna sare za kwaya, sare za harusi, mashati ya shule kwa dazeni. Baada ya hapo kurasa zinageuka. Kupunguza suruali. Kubana gauni. Kutia zipu. Kushona pindo la pazia. Vitu vya kukaa nusu saa na kuinuka. Hakuna siku niliyokata shauri kwamba naacha kazi kubwa. Mteja akija na kitambaa cha sare namwambia nimebanwa, naye anakwenda kwa fundi wa jirani, na mimi namwandikia mwingine zipu.

Daftari hilo lina tarehe, lina majina ya wateja, lina malipo ya awali na baki. Sikuliandika ili nimridhishe daktari. Ndiyo maana lina thamani kuliko namba yoyote ningeweza kuitaja.

Sasa hospitali. Sitaitaja, na dokta niliyemkuta hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, foleni yake ilitoka chumbani ikapinda kona ya veranda, na nina hakika hakuwa amekula tangu asubuhi. Nilimwambia: "Dokta, haya si yale."

"Si yapi, dada?"

"Si ya kraisisi. Yamekaa hapa kinenani, hayaondoki."

"Umepima malaria?"

Nikapima malaria, haikuwapo. Nikatundikiwa dripu, nikachomwa sindano ya diklofenaki, nikapewa vidonge vya diklofenaki vya kwenda navyo nyumbani. Kwenye karatasi yangu palikuwa pameandikwa kraisisi. Ndivyo ilivyo kwa mwenye selimundu: kikiuma chochote, jina lake lipo tayari. Wala si sisi peke yetu. Mama mkwe wangu kiuno chake kinaitwa uzee, na kimeitwa uzee tangu akiwa na miaka 50, wakati anapalilia mpunga Magu kuliko vijana. Msichana anayejikunja kwa tumbo kila mwezi anaambiwa akizaa litapona. Jina likishapatikana, uchunguzi unaishia hapo, na mgonjwa anayerudi kusema limezidi anaonekana analalamikia kitu kilichokwisha kujibiwa.

Utaalamu wenyewe haukubaliani na uzembe huo. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi mitatu yanahesabiwa kuwa ya kudumu, na katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, lililoanza kutumika mwaka 2022, yamepewa nafasi na namba zake yenyewe. Maana yake ni kwamba maumivu yanaweza kuwa ugonjwa wa kuchunguzwa, kufuatiliwa na kuandikwa, hata kama mwenye nayo tayari ana ugonjwa mwingine wenye jina.

Kuna jambo la mavazi, na mtanisamehe, mimi ni fundi, naona mavazi kwanza. Mwenye maumivu ya kudumu akienda hospitali amevaa vizuri, anaonekana haumwi. Akienda na kanga aliyolalia, nywele timutimu, anatetemeka, ananong'onezwa kuwa ni teja amefuata sindano. Nimevaa yote mawili kwa nyakati tofauti, na bado sijalipata vazi la katikati linalomfaa mtu anayeumwa kweli. Na ule utulivu wetu unaowachanganya manesi una sababu: mwili uliozoea maumivu hauendeshi moyo mbio wala hautoi jasho kila saa. Mtu aliyejikata kwa panga atapiga mayowe. Sisi tunaweza kuchati. Ukipima shinikizo la damu na mapigo ya moyo ukakuta yako sawa, hujathibitisha kwamba hatuumwi.

Kuhusu utejateja huo niseme kidogo zaidi, kwa kuwa ndio ukuta unaozuia mazungumzo mengi. Nimewahi kumsikia nesi akimuuliza mwenzake, mimi nikiwa kitandani nimefumba macho, "Huyu si yule wa sindano?" Sikatai kwamba wapo watu wanaokwenda hospitali kutafuta dawa za kulevya; Mwanza tunawaona mitaani, na daktari ana haki ya kuwa macho. Lakini mwili kuzoea dawa ni jambo moja, uraibu ni jambo lingine. Mwili uliotumia dawa kali kwa muda mrefu utahitaji kipimo kikubwa zaidi, na ukiikatiza ghafla utatetemeka. Hilo litampata hata mzee wa kanisa mwenye saratani. Mraibu anaifuata dawa hata inapomharibia maisha. Mimi dawa ikinipa nafuu, narudi kushona.

Hofu hiyo ina bei, na tumeilipa sisi. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilipochapisha ripoti yake mwaka 2017 kuhusu maumivu duniani, ilikuta kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizogawanywa kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1. Mtu asiniambie ni umaskini tu. Uganda si tajiri, na tangu Dk. Anne Merriman aanzishe huduma ya hospisi huko mwaka 1993, morfini ya maji ya kunywa imekuwa ikiwafikia wagonjwa majumbani. Mwaka 2004 nchi hiyo ikaruhusu kisheria manesi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waiandike wao wenyewe. Tuelewane: morfini ya kila siku kwa ajili ya nyonga siitaki. Inafunga choo, inalegeza akili, na mkasi wangu unahitaji akili. Ninachotaka ni niweze kuitaja wakati wa kraisisi kubwa bila kuangaliwa kama niliyekuja kuiba.

Wala vifaa peke yake haviponyi kutoaminiwa. Mwaka 2019, katika hospitali moja ya London, kijana wa miaka 21 mwenye selimundu aliomba oksijeni wodini, hakupewa, akapiga simu ya dharura 999 akiwa kitandani mwake, ndani ya hospitali hiyohiyo. Alifariki siku chache baadaye. Mwaka 2021 kundi la wabunge wa Uingereza likatoa ripoti kuhusu wagonjwa wa selimundu nchini humo, na kichwa chake kilikuwa malalamiko ya wagonjwa wenyewe: hakuna anayesikiliza. Oksijeni ilikuwapo. Simu ilikuwapo. Mashine zote ambazo sisi huku tunazililia zilikuwapo.

Aliyenisikiliza mimi alikuwa tabibu, mama wa makamo, kwenye kituo kidogo ambako nilikwenda kwa ajili ya mtoto wa mdogo wangu. Mtoto alipomaliza kupimwa, nikamwomba dakika moja ya kwangu. Daftari la oda lilikuwa mkobani kwa sababu nilikuwa nimetoka kwa mteja. Nikamwonyesha: hapa nilishona sare, hapa sikushona, hapa zipu, zipu, zipu. Nikamwambia habari za genge la dagaa na jiwe la mganga. Hakuniuliza ni ngapi kati ya kumi. Aliweka kalamu chini akasema, "Mwanangu, panda kitandani." Akaukunja mguu wangu wa kushoto, akauzungusha kwa ndani taratibu, na mimi ambaye nimezaa bila kelele nikapiga kelele iliyomtoa mlinzi getini.

Picha ya eksirei ilionyesha kwamba kichwa cha mfupa wa paja, kile cha mviringo kinachoingia kwenye tundu la nyonga, kimeanza kubonyea. Kimekosa damu, kimeanza kufa. Kwa wenye selimundu ni jambo linalojulikana vizuri na wala si la nadra. Mwenye maumivu ya kinenani yasiyoondoka ajue na hili: eksirei ya mwanzoni huweza kuonekana safi kabisa, na kipimo cha emarai kikaona kile ambacho eksirei haikukiona. Picha safi haimfanyi mgonjwa kuwa mwongo. Inasema tu kwamba bado kuna kitu cha kutafuta, na atakayekitafuta ni yule aliyeamini maneno kabla ya picha.

Narudi kwenye diklofenaki, maana hapa ndipo wagonjwa na madaktari tunafichana zaidi. Katika miezi ile ya kuambiwa ni kraisisi, duka la dawa la mtaani lilikuwa ndilo daktari wangu. Huhitaji cheti. Unataja jina, unahesabiwa vidonge kwenye bahasha ya kaki, unaondoka. Dawa za aina hiyo, diklofenaki na ibuprofeni na ndugu zao, zikitumiwa muda mrefu huchubua tumbo hadi kutoa damu, na huumiza figo. Figo za mwenye selimundu zina matatizo yake hata kabla ya hapo. Jirani yangu anachanganya na dawa ya mizizi ya kupunguza baridi yabisi, na akienda kliniki anasema hatumii chochote. Kwa nini? Kwa sababu mara ya mwisho aliposema ukweli alikaripiwa mbele ya wagonjwa wengine, mlango ukiwa wazi. Sidhani kuna kitu kinachoigharimu sekta ya afya kuliko karipio la namna hiyo. Dokta anajisikia amefundisha. Mgonjwa amejifunza kunyamaza, na figo zinaendelea kuchakaa kimya kimya.

Tabibu wangu aliniuliza hivi: "Siku ikiwa mbaya sana, unakunywa vingapi?" Aliuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. Nikamwambia vyote. Akaniagiza nipime figo.

Ipo pia dawa ya haidroksiyurea, ambayo si ya kutuliza maumivu bali ya kuyapunguza yasitokee mara kwa mara. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Uganda na Kenya, ambako kituo chake kilikuwa Kilifi, uliwafuatilia watoto 606 waliopewa dawa hiyo, na matukio ya maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu. Malaria na vifo vilipungua pia. Inataka damu ipimwe mara kwa mara, na mfupa uliokwisha kufa haiufufui. Naitumia sasa. Kraisisi zimepungua. Nyonga iko palepale, na hilo lenyewe limenisaidia kumwonyesha daktari bingwa anayeishughulikia nyonga sasa kwamba nilikuwa nikibeba mizigo miwili tofauti, mmoja umeshuka, mwingine umebaki begani.

Neno kuhusu wasindikizaji. Kwetu mtu haendi hospitali peke yake, na ni desturi nzuri, ila chumbani msindikizaji hugeuka msemaji. Mama yangu, Mungu amjalie umri mrefu, ameuguza selimundu yangu tangu nikiwa na miezi minane na ana haki zote. Lakini dokta akiuliza "Anaendeleaje?" mama anajibu "Tunamshukuru Mungu, hajambo kidogo," nami siwezi kumkanusha mbele ya mtu mgeni. Shukrani kwa Mungu ni ya lazima, wala sisemi tuiache. Ila dokta mwenye haraka anaisikia kama taarifa ya kitabibu. Siku hizi nakwenda na mdogo wangu, yule anayefunga banda. Nimemwomba kitu kimoja tu: aseme alichokiona kwa macho. Alimwambia daktari bingwa, "Dada anavaa viatu akiwa amelala kitandani, anainua mguu mmoja mmoja." Mimi mwenyewe sikuwa nimelitambua hilo.

Ninachotaka kifanyike si kikubwa. Kwenye kila kliniki ya magonjwa ya muda mrefu, mgonjwa akirudi, karatasi yake ionyeshe alichokuwa akiweza kufanya mara iliyopita: kutembea hadi wapi, kulala saa ngapi, kazi gani. Mwingine akishika zamu alinganishe. Nesi anaweza kuliandika hilo kwenye benchi kabla mgonjwa hajaingia, na haliongezi hata shilingi moja kwenye bajeti. Mwenye selimundu awe na kadi iliyosainiwa na daktari wake, inayosema akija na kraisisi apewe nini na kwa kipimo gani, ili asijadiliwe upya saa nane usiku na mtu ambaye hajamwona maishani. Uingereza, ileile ya kijana yule, mwongozo wao tangu 2012 unataka mwenye kraisisi apate dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu afike. Wameuandika na bado unavunjwa, najua. Lakini anayevunja maandishi anaweza kuulizwa.

Na mgonjwa naye afike na kitu mkononi. Mkulima aseme ni tuta la ngapi sasa linamkalisha chini. Mwalimu aseme kama anaandika ubaoni au ameshawaachia wanafunzi waandike. Bodaboda aseme ni lini alianza kukataa abiria wa mbali. Aliyejifungia ndani aseme hajaenda msibani tangu lini, kwa kuwa hapa kwetu mtu asiyekwenda msibani ana jambo zito. Daktari akisikia hayo na bado akauliza ni ngapi kati ya kumi, mjibu kwa adabu, kisha umrudishe kwenye tuta, ubao na msiba. Dakika tano alizo nazo zinatosha kwa hilo likisemwa mwanzo. Hazitoshi likisemwa ukiwa umeshashika kitasa cha mlango, na madaktari wenyewe watakuambia kwamba hapo ndipo wengi wetu tunapolisema.

Upasuaji wa kubadilisha nyonga unafanyika nchini. Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili wanaufanya. Kwa umri wangu bingwa anasita, kwa kuwa nyonga ya bandia huchakaa na huenda nikahitaji nyingine uzeeni, na kwa mwenye selimundu kulazwa usingizi wa upasuaji kunataka maandalizi ya damu. Nimeyaandika maswali yangu nyuma ya daftari la oda. Katika kusubiri ameniandikia kwenye faili, na nakala nimeiomba, kwamba nisikanyage tena cherehani, nifungiwe mota. Kikoba chetu kina mkopo wa biashara wenye riba kubwa na mkopo wa matibabu wenye riba ndogo. Mwenyekiti anasema mota ya cherehani ni biashara. Mimi nasema nyonga ni yangu na karatasi ya daktari ninayo. Tutabishana Jumamosi.